Ukucha Niliokata Endebess

Kwenye kila arusi ninayoalikwa hapa Bungoma, hakosekani mtu wa kunisogelea na kuniambia, "Mzee, hiyo gitaa unaichapa sawasawa. Sasa tupigie ile ya jiwe." Mimi hujibu kwamba nimeisahau. Uongo mtupu! Mtu husahauje wimbo alioutunga mwenyewe kwa vidole vyake viwili? Siupigi kwa sababu sitaki. Miaka yote nimenyamaza, maana ningesema, wangesema nina wivu. Sasa aliyenitenda ameshazikwa, nami nilikwenda matangani kwake na nikala, kwa hiyo wivu haupo tena. Hasira ndiyo ipo.

Marehemu baba yangu alikuwa mpiga litungu, kile kinubi chetu cha nyuzi saba. Aliniambia nikiwa kijana kwamba vidole viwili vinatosha kazi yote, mradi visikilizane. Dole gumba linashika zile nyuzi nene za chini, linakwenda na kurudi bila kuchoka. Kidole cha shahada kinatembea juu yake na kusema maneno. Nilipopata gitaa langu, kwa kubadilishana ndama jike na askari mmoja wa kule Lwakhakha aliyerudi nalo kutoka vitani, nililipiga vivyo hivyo. Mtu aliyesimama nje ya nyumba alidhani ndani kuna magitaa mawili.

Gitaa lile lilikuwa na kilema. Kimojawapo cha vile vyuma vidogo vya shingoni, cha tatu kutoka juu, kilikuwa kimeng'oka. Ukibonyeza hapo, uzi unakoroma. Kwa hiyo nilijifunza kuparuka: nikifika hapo nasimama kidogo, nagonga uzi mtupu mara moja, kisha naendelea. Nyimbo zangu zote zilichechemea mahali hapo. Watu wa kijijini walizoea, hata wachezaji walijua pa kuinua mguu.

Baba alipofariki, mama alisaga wimbi siku tatu mfululizo kwa ajili ya waombolezaji. Hakulia. Alipiga magoti mbele ya jiwe la kusagia akasaga tu, na sisi tulikaa nje tukisikiliza jiwe likienda na kurudi. Baada ya tanga nikachukua gitaa, na dole gumba likaanza kwenda na kurudi namna ile ile. Huo ndio wimbo wa jiwe. Nilimpigia mama mara ya kwanza akichambua kunde. Alisikiliza hadi nikafika kwenye kilema cha gitaa langu, pale ninaposimama, naye akacheka, kicheko cha kwanza tangu mazishi.

"Hapo natia wimbi," alisema.

Na kweli, msagaji husimama kidogo anapotia nafaka nyingine juu ya jiwe. Mimi sikuwa nimefikiria hilo. Nilikuwa nakwepa chuma kilichong'oka. Lakini kuanzia siku hiyo, kila nikifika pale, mama alisema maneno hayo hayo, "Hapo natia wimbi," hata akiwa jikoni, hata akiwa anazungumza na jirani.

Miaka ile ndipo sahani za santuri za nyimbo zetu, za lugha zetu, zilipoanza kusikika madukani. Kabla ya hapo zilikuwa za watu wa mbali. Hoteli moja ya chai pale sokoni Bungoma ilinunua gramafoni na kuiweka mlangoni. Mama aliposikia mtu wa huku kwetu akiimba ndani ya kile kisanduku, aliniuliza, "Na wewe utaingia humo?"

"Nitaingia, mama. Utanisikia hapa hapa sokoni."

"Basi fanya haraka. Macho yamekwenda. Masikio yasije yakafuata."

Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mimi nilimwahidi mbele ya muuza chumvi na wanawake wawili wa mboga. Ahadi ya hadharani ni deni, na hilo ndilo deni pekee nililowahi kulihofia maishani.

Wakati huo nilikuwa nimeandikwa kazi Endebess, kwenye shamba la mzungu, kukamua ng'ombe. Kazi ya kukamua ilinifaa, kwa kuwa inaimarisha mkono kuliko jembe. Shida ilikuwa ukucha. Kidole changu cha shahada cha kulia kilihitaji ukucha wa kutosha kugonga uzi, na nyapara wetu hakutaka ukucha wowote karibu na chuchu za ng'ombe. Kila Jumatatu tulipangwa mstari, mikono mbele kama watoto wa shule, naye akapita akikagua. Mimi nilifunga kitambaa kwenye kidole. Jumatatu hii nimejikata, Jumatatu ile nina jipu, nyingine nimeumwa na nyuki. Nyapara hakuwa mjinga.

"Wewe kidole chako kina mikosi mingi kuliko familia yangu yote," alinitania. Lakini alipenda muziki, akaniacha. Nilikamua kwa kiganja, ukucha nikiukunja pembeni, na hakuna ng'ombe aliyelalamika.

Sasa nimtaje huyo mtu. Sisi Wabukusu, wanaume tuliotahiriwa msimu mmoja huitana bakoki. Mkoki si rafiki tu. Rafiki unaweza kumwacha. Mkoki mlisimama naye kwenye kisu asubuhi moja, damu yenu ikaingia udongo mmoja, na kuanzia hapo hampigani, hamshtakiani kwa chifu, na mnataniana matusi ambayo mtu mwingine angetolewa meno kwa kuyasema. Juu ya yote, mkoki wako akikwambia jambo, humuulizi "kweli?" Kumuuliza hivyo ni kusema kwamba asubuhi ile alikuwa mtu mwingine.

Mkoki wangu huyo alikuwa fundi cherehani Kitale, kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja. Mwembamba, mcheshi, na sauti yake, lazima niseme haki, ilikuwa tamu. Yangu ilikuwa ya jogoo mwenye mafua. Jumapili alikuja Endebess kwa baiskeli na gitaa lake mgongoni, jipya, vyuma vyote vipo. Gitaa zuri, lakini alilikwangua tu. Mimi napiga, yeye anaimba, na wakamuaji wenzangu wanagonga chupa kwa msumari. Tulisifiwa sana. Nilidhani sifa ile ni ya watu wawili, na kwamba inatutosha.

Jumapili moja alikuja anatweta, hata baiskeli hakuiegemeza, aliitupa.

"Mkoki, watu wa sahani wamepita Kitale! Na gari lao, na mashine ya kunasa sauti. Nimeongea nao mimi mwenyewe. Watarudi baada ya mavuno."

Niliruka, nikamkumbatia. Akilini nilimwona mama amekaa hotelini na chai yake.

"Lakini iko shida," akasema. Akakaa kwenye ndoo ya maziwa aliyoifudikiza. "Ati mashine yao haisikii kidole. Kidole ni laini, sauti inapotelea njiani. Wanataka watu wa kibanzi." Akatoa mfukoni kibanzi cheusi alichokikata kwenye chanuo lililovunjika, akakisugua kikawa laini, mviringo, kama ukucha wa dole gumba. "Nimekutengenezea mwenyewe. Chapia hiki. Miezi mitano inakutosha, wewe si una mkono?"

Nilikishika kile kibanzi. Kilikuwa bado na joto la mfuko wake. Sikumuuliza "kweli?" Nimeshasema kwa nini. Mtu mwingine yeyote ningemuuliza. Ningemuuliza nyapara, ningemuuliza mchungaji wa kanisa, ningemuuliza mama yangu mzazi! Mkoki sikumuuliza.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda kwenye mstari bila kitambaa. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimeukata ukucha kwa wembe, hadi nyamani. Nyapara alikamata kidole, akakigeuza huku na huku.

"Leo umepona?"

"Nimepona, bwana."

"Mungu ni mkubwa," alisema, akaendelea na mstari. Sijui kwa nini nilitaka kulia.

Ambaye hajawahi kuhama kutoka vidole kwenda kibanzi asiniambie ni kitu kidogo. Kibanzi kinashikwa na dole gumba na kidole cha shahada, wote wawili, kama wezi waliofungwa pingu moja. Wale waliokuwa wakizungumza, mmoja huku na mwingine kule, sasa wanabeba kijidudu kimoja na kugonga uzi mmoja kwa wakati mmoja. Sauti inatoka kali, kweli, inafika mbali. Lakini huku chini hakuna mtu. Nilipiga wimbo wa jiwe, na jiwe halikuwepo. Nilikirusha kibanzi ukutani mara ngapi, sijui. Nikakitafuta tena kwenye majani kwa magoti, kwa ajili ya ahadi yangu. Wenzangu wa zizini walinicheka: "Kuku gani anadonoa hapa?" Baada ya miezi mitatu hawakucheka tena. Nilikuwa nimejua. Mkono ulikwenda mbio, na mimi mwenyewe, niseme ukweli, nikaanza kujisikia.

Na mkoki wangu aliendelea kuja kila Jumapili. Alisifu kibanzi changu, halafu akasema, "Hebu nipigie ile ya zamani kwa vidole, pole pole, tusije tukaisahau." Nikampigia. "Rudia hapo, dole gumba linaanza wapi?" Nikamwonyesha. Nilimshika mkono wake nikaliweka dole gumba lake juu ya uzi, kama baba alivyoniwekea mimi. Wakati huo niliuona ukucha wake wa kidole cha shahada. Mrefu, umekatwa vizuri.

"Unafuga makucha siku hizi?"

"Ya kufumulia nyuzi za nguo," akasema. "Mkasi wa Mhindi ni butu, bana."

Mjinga mimi! Nilicheka, nikamwonyesha tena.

Kabla ya mavuno nilipata ruhusa ya siku chache, nikadandia lori la mahindi hadi nyumbani. Nilitaka kumshangaza mama. Niliingia uani kimya, nikakaa kwenye kigogo chini ya ukingo wa paa, nikatoa kibanzi, nikaupiga wimbo wa jiwe kwa kasi yangu mpya. Mama alitoka akishika ukuta kwa mkono.

"Nani huyo anapiga?" aliuliza. "Wewe ni mtoto wa nani?"

"Mama, ni mimi."

Alisimama. Uso wake ukafurahi kwa sauti yangu, akanisalimia vizuri, akauliza habari za safari na za ng'ombe. Baada ya kuniandalia uji ndipo akasema, kwa upole, "Na jiwe liko wapi?"

Nilimweleza habari za mashine isiyosikia kidole. Akatikisa kichwa. "Mashine ya ajabu," alisema. "Mimi kipofu nasikia, yenyewe haisikii."

Niliyapuuza maneno hayo. Nilirudi Endebess nikazidisha mazoezi.

Mavuno yakaisha. Mahindi yakaingia ghalani, magunia yakashonwa, gari la sahani halikuonekana. Nilimuuliza mkoki wangu, akasema wamechelewa kwa sababu ya barabara. Kisha Jumapili zake zikaanza kupungua. Cherehani imeharibika. Baiskeli ina pancha. Mhindi ana kazi nyingi. Mimi nikamwamini, nikamhurumia hata.

Siku moja ya Jumamosi nyapara alinituma Kitale kuchukua kamba za ndama. Napita mbele ya duka la vitambaa lenye gramafoni, nikasikia jiwe la mama yangu.

Nilisimama katikati ya barabara. Mtu wa mkokoteni alinitukana, sikuondoka. Dole gumba lilikuwa linakwenda na kurudi, kidole cha shahada kinatembea juu yake, vidole, vidole vitupu, hakuna kibanzi hata kidogo! Mashine ilikuwa imesikia kila kitu. Ilikuwa imesikia hata ukucha ukigusa uzi. Juu yake ile sauti tamu ninayoijua. Nikajiambia labda ni wimbo unaofanana. Watu hufanana, nyimbo pia hufanana. Halafu ikafika pale. Ikasimama kidogo, ikagonga uzi mtupu mara moja, ikaendelea.

Gitaa lake lilikuwa na vyuma vyote! Hakuwa na sababu yoyote ya kuparuka. Aliiba hadi kilema changu.

Nilimkuta barazani anashona suruali ya kaki. Aliponiona alisimamisha gurudumu la cherehani, akatabasamu, nusu.

"Mkoki! Umesikia tumetoka?"

"Tumetoka nani?"

"Si wimbo ni wetu, bana. Cha mkoki si ni cha mkoki? Hatukumwaga damu pahali pamoja?"

"Nijibu moja tu. Hao watu walisema mashine haisikii kidole?"

Aliinamisha kichwa, akakata uzi kwa meno. Si kwa ukucha. Kwa meno.

"Walitaka mtu mmoja," akasema mwishowe. "Gitaa moja, mtu mmoja. Wangekusikia wewe kwanza, mimi ningebaki na hii cherehani hadi nife. Wewe una mkono. Mimi nina nini?"

"Ulikuwa na mimi," nikamwambia.

Akalirudia gurudumu la cherehani. Nilitaka kumpiga, nasema wazi. Ngumi ilikuwa tayari. Lakini mkoki hapigwi. Mkoki hashtakiwi. Desturi nzuri sana, hiyo, kwa mwizi! Nilichukua kamba za ndama nikaondoka, na njia nzima hadi Endebess nililia kama mwanamke aliyefiwa. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wangu alikuwa hata anazishona.

Nilijaribu kurudia vidole. Ukucha uliota, lakini mkono ulikuwa umeshaoa kwingine. Dole gumba likaenda peke yake, kidole kikasubiri kushikwa, wakagombana. Nikaukata tena. Nikaenda nyumbani kumwambia mama kabla hajaambiwa na watu.

Nilichelewa. Alinipokea njiani kwa vigelegele, mwanamke wa umri ule, fimbo mkononi. "Nimekusikia!" alisema. "Nimekusikia sokoni, siku tatu za soko sasa!" Hakunipa nafasi ya kuweka mzigo. Alinishika mkono akaniongoza, kipofu akimwongoza mwenye macho, hadi kwenye hoteli yenye gramafoni. Mwenye hoteli alimjua. Aliweka sahani bila kuulizwa, akatuletea chai mbili.

Mama alisikiliza na kichwa kimeinama upande. Jiwe likaenda, likarudi. Ikafika pale.

"Hapo natia wimbi," alisema, akawageukia watu wa meza ya pili. "Huyo ni mwanangu. Sauti amempa mwenzake aimbe, na amefanya vizuri, kwa kuwa sauti yake mwenyewe ni mbaya. Lakini mkono ni wake. Mimi nitasahau mkono wa mwanangu?"

Watu wakanipongeza. Mtu mmoja akanipa mkono. Niseme nini? Nilimwahidi, na ahadi ilikuwa inazunguka mbele yetu juu ya gramafoni. Nikaamua kunyamaza na kumwachia furaha yake, afe nayo.

"Ni wewe?" aliniuliza, anacheka.

"Ni mimi, mama."

Akanishika mkono wa kulia, akauinua karibu na mdomo ili autemee mate ya baraka, kama wazee wetu wanavyofanya. Kidole chake kikapita juu ya kidole changu cha shahada. Kikasimama. Kikarudi, kikapapasa ncha yake.

"Ukucha uko wapi?"

"Niliukata."

"Lini?"

"Kabla ya mavuno. Siku zile nilipokuja na kibanzi."

Sahani ilikuwa inaendelea. Mama aligeuza sikio lake upande wa gramafoni, akaiacha ile sauti tamu iimbe ubeti mzima.

"Nani alikwambia ukate?"

Sikujibu.

"Ni huyu mliyetahiriwa naye?"

Aliushusha mkono wangu mezani pole pole, bila kuutemea mate, akapapasa fimbo yake.

"Twende nyumbani."

"Chai yako, mama."

"Imepoa."

Haikuwa imepoa. Ilikuwa bado inatoa mvuke. Nilimshika kiwiko tukatoka, wimbo haujaisha, na gramafoni ile ilikuwa na nguvu, ilitufuata sokoni kote. Tulipofika kwa muuza chumvi nikasikia jiwe likisimama kidogo pale pale, likagonga, likaendelea. Nilimtazama mama. Hakusema kitu.